Kasha la mwaloni lililoandikwa 1641

Kasha lilishushwa kwenye gari likiwa limefungwa kwa mablanketi mawili na kanga moja ya kijani. Kanga ilikuwa ya dada aliyelileta, mtu wa Tanga, muuguzi, ameolewa na Mwingereza na wanaishi upande wa West Yorkshire, nusu saa kutoka karakana yangu. Mumewe, yaani shemeji, alishika upande mmoja na mimi mwingine, na tulipolitua sakafuni nikajua jambo la kwanza: ni zito kweli kweli. Hilo halithibitishi kitu. Mwaloni wa jana nao ni mzito.

Baba mkwe wake alifariki mwaka jana, na katika vitu vyote alivyoacha hiki ndicho kilichogombewa. Uso wa mbele umejaa nakshi. Ubao wa juu una nusu duara zilizopangwa kama magamba ya samaki, paneli tatu za chini kila moja ina tao na ua ndani yake, na katikati, mahali pa kuonekana na kila aingiaye, zimesimama herufi J H na mwaka 1641. Ipo pia karatasi ya bima ya miaka mingi nyuma, ya mthamini ambaye simtaji, inayosema tu kwamba ni kasha la mwaloni la Uingereza la mwaka 1641, na chini yake thamani iliyomnyima usingizi ndugu yake shemeji. Ndugu huyo anataka nusu yake, na anaitaka taslimu.

"Kaka, mimi sitaki hadithi," dada aliniambia kabla hata hajamaliza chai. "Ni la 1641 au si la 1641?"

Nilimwelewa. Ila swali lake lilikuwa maswali matatu yaliyofichwa kwenye moja. Mti ulikatwa lini? Kasha liliungwa lini? Nakshi ilichongwa lini? Ukipata jibu la moja bado hujapata ya mengine mawili, na kwenye samani za mwaloni za Uingereza hapo ndipo wengi wanapotumbukia, wathamini wakiwemo.

Nilianza chini. Ndiyo desturi yangu, kwa sababu anayetaka kukudanganya hutumia nguvu zake pale jicho linapotua kwanza. Akifika chini na mgongoni huwa keshachoka. Tukalilaza kwa mgongo, nikachukua tochi. Na hapa nikiri kwamba kwa dakika ishirini za mwanzo nilikuwa nimepotea njia.

Ubao mmoja kati ya mitatu ya sakafu ya kasha ulikuwa na mikwaruzo ya upinde, mmoja nyuma ya mwingine kama mawimbi ya maji kupwa. Hiyo ni alama ya msumeno wa duara, chombo kilichozoeleka kwenye viwanda vya mbao vya Uingereza karne ya 19. Bawaba za mfuniko zilishikwa na skrubu zenye ncha kali, na skrubu za kiwandani zenye ncha hazikuenea kabla ya katikati ya karne hiyohiyo. Za kabla yake zilikuwa na mwisho butu. Miguu miwili ya nyuma ilikuwa imeungwa vipande. Nikajisemea basi, hili ni kasha la zama za Victoria lililoundwa kwa mbao kuukuu za kuokoteza. Nusura nimwambie dada wakati uleule, na ningemwambia uongo.

Zilizoniokoa ni bawaba zenyewe. Kiganja kimoja kando ya kila bawaba palikuwa na jozi ya vitundu vilivyojaa uchafu, na kuvizunguka mti ulikuwa umegeuka mweusi ti. Mwaloni una tanini nyingi. Chuma kikikaa ndani yake penye unyevunyevu hutoa weusi ule ule wa wino, na kwa kweli wino wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa kwa chuma na vivimbe vinavyoota kwenye mwaloni. Hapo awali palikuwa na bawaba za waya: pete mbili za chuma zilizoshikana, moja imepenya kwenye mfuniko, nyingine kwenye ubao wa nyuma, ncha zake zikakunjwa na kugongwa ndani ya mti. Alama za ncha zilizokunjwa bado zipo, kama kucha za paka. Bawaba za namna hiyo ndizo za makasha ya karne ya 17. Zilikatika, mtu akafunga nyingine. Ubao wa sakafu ulioza, mtu akaweka mwingine. Ile miwili ya jirani yake haikupita kwenye msumeno wa duara hata kidogo. Na miguu? Kasha lililokaa miaka mia tatu juu ya sakafu ya mawe ya nyumba ya shamba, huku Kaskazini penye mvua, miguu yake hunyonya maji na kuoza. Lisilo na kiraka hata kimoja ndilo linalonitia wasiwasi.

Nikarudi kwenye viungo kwa macho mengine.

Kasha la aina hii halina gundi. Lina miimo minne ya pembe, ambayo kwa chini ndiyo miguu, na mbao za mlalo zinazoingia kwenye miimo kwa ulimi na tundu. Kila kiungo kinafungwa kwa pini za mti. Fundi wa zamani alitoboa tundu la kwenye ulimi kando kidogo ya lile la kwenye mwimo, tofauti ya unene wa ukucha, ili pini ikigongwa ivute kiungo kikaze chenyewe. Pini zenyewe zilipasuliwa kwa kabari zikachongwa kwa kisu, kwa hiyo si duara kamili, zina pembepembe. Mti ulifanyiwa kazi ukiwa bado mbichi. Miaka ilivyopita fremu ilikauka na kunywea, pini haikupungua urefu, ikabaki imechomoza. Fumba macho upitishe kidole mgongoni mwa kasha na ubavuni: utazisikia kama vipele. Mgongoni zilikuwepo. Ubavuni zilikuwepo. Mbele hazikuwepo. Nililiandika hilo kwenye daftari bila kulielewa, nikaendelea.

Paneli nilizipima kwa kalipa. Ya kulia ilikuwa na milimita 7 ukingo mmoja na 13 ukingo wa pili. Mashine haitoi ubao wa namna hiyo. Unaupata pale gogo linapopasuliwa kwa kabari kutoka nje kuelekea moyoni, kama unavyokata keki, na kila kipande kikawa chembamba upande wa ndani. Mgongo wa paneli haukupigwa randa ukawa laini. Tezo ilipita, ikaacha mabonde unayoweza kuyahesabu kwa kiganja, na ile mistari inayong'aa ya mwaloni uliopasuliwa vizuri imelala juu yake kama mapande ya hariri. Paneli zote tatu zimenywea ndani ya mifereji yake. Ukiisukuma moja kwa kidole inacheza, na ikisogea kushoto, ukingo wa kulia unatoa ukanda mwembamba wa mti mweupe ambao haujawahi kuona jua wala nta. Ndani, upande wa kushoto, kuna mfereji mtupu mbele na nyuma, mahali kilipokaa kisanduku kidogo cha kuwekea mishumaa au nyaraka. Hakipo. Ila hakuna mtu anayechonga mfereji wa kisanduku kisichokuwepo na kisha kuujaza vumbi la karne tatu kwenye pembe.

Basi mwili wa kasha ni wa kweli. Kwa jinsi lilivyoungwa ningelipa karne ya 17, nusu ya pili zaidi ya nusu ya kwanza, na nisingeshangaa kama lingekuwa la miaka ya mwanzo ya karne ya 18, maana maseremala wa vijiji vya Kaskazini waliendelea na mtindo huu wakati London ilikuwa imeshausahau. Dada aliposikia hayo alitabasamu. Nikamwambia asubiri, bado sijatazama nakshi.

Nakshi niliitazama kesho yake asubuhi, kwa taa iliyolala ubavuni ili kila mkato utoe kivuli. Kitu cha kwanza nilichokitafuta ni zile pini zilizopotea. Nilizikuta. Zilikuwa palepale zinapopaswa kuwa, kwenye kila pembe ya kila kiungo, ila vichwa vyake vilikuwa vimekatwa. Jani moja kwenye mwimo wa kulia linapita juu ya pini kana kwamba pini haipo. Patasi yenye makali ya mwezi imekata mti wa mwimo, ikavuka kichwa cha pini, ikaendelea upande wa pili kwa mkato mmoja usiokatika. Sentimita chache chini yake patasi iliteleza, na mteleko huo umevuka kiungo, umeanzia kwenye ubao wa mlalo ukaishia kwenye mwimo.

Karne ya 17 nakshi ya kasha ilichongwa vipande vikiwa bado mezani, kabla ya kuungwa. Kwa hiyo pini hugongwa baada ya nakshi, na kichwa chake hukaa juu ya nakshi, pengine kikiharibu ua zima bila fundi kujali. Patasi kuvuka pini na kiungo maana yake ni moja tu: aliyechonga alikuta kasha limeshasimama.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa dumuzi. Mdudu huyu hukaa ndani ya mti akiwa buu kwa miaka, anakula njia zake gizani, kisha anatoka kwa tundu dogo la duara, kama milimita 2 au pungufu. Kwenye uso ambao haujaguswa unaona vitundu tu. Njia zenyewe huzioni, ziko chini. Kwenye paneli ya kulia, pale penye ukingo uliokuwa karibu na ganda la mti, sehemu anayoipenda dumuzi, ua lina petali tano na mbili kati ya hizo zina vijifereji vinavyokwenda kwa urefu, vimefunuka wazi kama barabara zilizoonekana kutoka kwenye ndege. Mti uliliwa kwanza, ukachongwa baadaye. Na ndani ya vijifereji hivyo kulikuwa na rangi ileile nyeusi iliyopakwa juu ya nakshi yote.

Hiyo rangi nayo. Samani iliyoshikwa na kufutwa kwa karne kadhaa hupata ngozi yake: miinuko ya nakshi imepauka kwa kitambaa na mikono, mabondeni nta na vumbi vimegandamana vikawa vyeusi, na kati ya hapo kuna rangi kumi za kahawia. Hapa rangi ilikuwa moja kutoka juu hadi bondeni, kama kiatu kilichopakwa dawa mara moja kikaachwa. Nilipochokoa bonde la tao kwa kijiti cha mti, sikutoa uchafu. Nilitoa rangi. Na linganisha na kingo za juu za mfuniko, pale watu walipoegemea na kuketi wakivua viatu: zimelika mpaka zimekuwa laini kama sabuni. Kiganja kimoja chini yake, kwenye ubao wa mbele, makali ya nakshi bado yanaweza kukukwaruza. Haiwezekani makalio ya vizazi kumi yakala mfuniko na magoti ya vizazi hivyohivyo yakaacha mbele kama ilivyotoka patasini.

Halafu nikaona mapambo halisi. Yalikuwepo muda wote. Kwenye kila ubao wa mlalo, kingo za juu na chini, kuna mistari miwili iliyokwaruzwa kwa chuma, sambamba, ya kina kidogo. Fundi wa kwanza aliishia hapo: kasha la kawaida, mistari miwili, basi. Nusu duara za juu zimeikata mistari hiyo mara kumi na moja. Pamoja na hayo, kwenye pembe moja ya tao, kwa kioo cha kukuza, paliachwa mstari wa kijivu unaong'aa. Penseli. Nisiupe uzito kupita kiasi, kwa kuwa madini ya penseli yalikuwa yakichimbwa Borrowdale, huko Cumberland, tangu karne ya 16. Ila mchongaji wa wakati ule kwa kawaida alipanga nakshi yake kwa bikari na ncha ya chuma iliyokwaruza mti, na mikwaruzo hiyo hubaki. Hapa hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mwisho herufi. Anayechonga jina lake kwenye mwaloni Uingereza mwaka 1641, akiwa John au Jane, kwa kawaida angechonga I. Herufi J kama tunavyoijua leo, yenye mkia uliokunjwa, ilikuwa bado haijapata kiti chake. Hii J ina mkia mzuri sana, umekunjwa kwa madaha.

Nilimpigia dada simu jioni ile. Nikamweleza kwamba kasha ni la kale na nakshi si ya kale, na mwaka ulioandikwa hauhusiani na lolote kati ya hayo mawili. Kimya kidogo. Kisha: "Kwa hiyo baba mkwe alitapeliwa?"

Lilikuwa swali la haki. Karne ya 19 Uingereza iliugua homa ya mwaloni mweusi. Sir Walter Scott, mwandishi wa riwaya wa Uskoti, alijaza nyumba yake ya Abbotsford mbao zilizochongwa na silaha za kale, matajiri wakamfuata, na wafanyabiashara wa Wardour Street mjini London wakapata soko ambalo vitu vya kweli visingeweza kulitosheleza, hata jina la mtaa huo likageuka kuwa neno la kejeli kwa kitu cha kale cha bandia. Kasha lisilo na nakshi, lenye mistari miwili tu, halikuuzika. Lilelile likichongwa na kuandikwa mwaka, liliuzika. Kwetu Mji Mkongwe nimewaona mafundi wakichukua kasha jipya la misumari ya shaba na kulizeesha kwa chai na moshi. Hawa walifanya kinyume, walichukua zee wakalivisha nguo za harusi.

Na si wauzaji wadogo peke yao. George Shaw wa Saddleworth, msanifu majengo na mpenzi wa mambo ya kale, miaka ya 1840 alimuuzia Duke wa Northumberland samani za mwaloni zilizojaa nakshi akidai ni mabaki ya ukoo wa Duke mwenyewe, kumbe zilitoka kwenye karakana yake. Kivuli cha karakana hiyo bado kinawasumbua watu. Mwaka 2010 kitanda cha mwaloni kilichotoka kwenye hoteli moja ya Chester kiliuzwa mnadani kwa pauni 2,200 kama kitu cha zama za Victoria. Mwanahistoria wa majengo Jonathan Foyle akasimama na hoja kwamba ni kitanda cha Mfalme Henry VII na mkewe Elizabeth wa York, waliooana mwaka 1486, na wengine wakashikilia kwamba ni mkono wa karne ya 19. Hoja za pande zote mbili zimejaa mambo haya haya ninayoyaandika hapa, rangi iliyojificha chini ya vanishi, alama za zana, namna mti ulivyonywea.

Kisa ninachokipenda zaidi kinatoka Marekani. Mchongaji wa Rhode Island, Armand LaMontagne, aliunda mwaka 1969 kiti cha mtindo wa karne ya 17 kwa makusudi ya kuwaumbua wataalamu. Mwaka uliofuata Henry Ford Museum huko Michigan ikakinunua kwa dola 9,000 kikiwa kimeshapita mikono ya wauzaji, na mwaka 1977 mwenyewe akajitokeza. Eksirei ikaonyesha matundu ndani ya viungo yametobolewa kwa keekee ya kisasa. Alijua kabisa: alikuwa amejiachia ushahidi wa kumtetea.

Ndugu wa shemeji hakuridhika. Aliniandikia barua pepe ndefu, akauliza kwa nini sikupeleka kasha maabara, wakahesabu pete za mwaka za mti, mambo yakaisha. Nilimjibu kwa heshima. Paneli hizi zingefaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu gogo lililopasuliwa kuelekea moyoni linaonyesha pete zote kwenye ukingo mmoja. Kwenye ile bora nilihesabu zaidi ya themanini. Mtaalamu angezilinganisha na orodha za mialoni ya Uingereza, na kama sehemu ya nje ya mti imechongwa ikaisha, angeongeza pete kati ya 9 na 41 ambazo sehemu hiyo huwa nazo kwa kawaida, akapata makadirio ya mwaka wa kukatwa. Kipimo cha kaboni hakimsaidii mtu hapa, maana kwa mti wa baada ya 1650 hutoa majibu yanayotawanyika karne tatu. Sawa. Lakini tuseme pete zimesema mti ulikatwa 1660. Hilo tumeshalikubali. Mti ungekuwa umejibu swali lake, na nakshi ingebaki kimya vilevile. Angelipa mamia ya pauni kuthibitisha kitu ambacho hakuna anayebishana nacho.

Hakujibu. Jumamosi iliyofuata akaja mwenyewe, na shemeji na dada, wote watatu kwenye gari moja, nikadhani nimeletewa kesi. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwa ngozi, kama begi la visu la mpishi. "Hii ilikuwa darini kwa baba," akasema. "Nilidhani ni zana za bustani."

Ndani yake kulikuwa na patasi saba za kunakshi, mipini imeng'arishwa na viganja, na kwenye vyuma vitano mhuri wa S. J. Addis, jina ambalo mchongaji yeyote wa karne ya 19 Uingereza alilijua. Sikusema neno. Nilichukua ile yenye makali ya mwezi mpana, nikaipeleka kwenye jani la mwimo wa kulia, pale lilipovuka pini, nikaitua kwenye mkato. Ikakaa. Haikuyumba kushoto wala kulia. Nikajaribu pale ilipoteleza: chuma kilikuwa na kijipengo kidogo kwenye kona, na mteleko ulikuwa na mstari mwembamba uliobaki juu kwenye upande uleule. Dada akaomba ajaribu na yeye. Akajaribu mara tatu, kila mara akicheka kidogo.

Zilikuwa za bibi mzaa babu wa hawa ndugu wawili. Jina lake lilianza na J, la ukoo linaanza na H. Walikumbuka kusikia kwamba alikuwa akienda darasani jioni kijijini. Hilo linaingia vizuri sana kwenye wakati wake: mwaka 1884 ilianzishwa Home Arts and Industries Association, ikaeneza madarasa ya kunakshi mbao na kazi nyingine za mikono vijijini kote Uingereza, na wanawake walikuwa wengi sana miongoni mwao. Watu wengi waliotoka kwenye madarasa yale walitazama nyumbani wakaona kasha tupu la bibi zao likiwaita.

"Na 1641?" dada akauliza. "Hakuzaliwa 1641."

Shemeji ndiye aliyetoa simu. Akatafuta picha, akapita za watoto, za theluji, za mbwa, akafika kwenye mlango wa nyumba ya shamba ya ukoo, waliyoiuza zamani. Nyumba za shamba za Yorkshire nyingi zina jiwe juu ya mlango lenye herufi za mwenye nyumba na mwaka. Nikaikuza picha kwa vidole. Jiwe lilikuwa limeliwa na mvua, kuvu imelifunika upande mmoja, lakini lilisomeka: I H 1641.

Alinakili kutoka juu ya mlango wake mwenyewe. Akaona I, akajua ni J, akaiandika kama alivyofundishwa shuleni, kwa mkia.

Ripoti niliyowapa ina kurasa mbili. Kasha la mwaloni la viungo vya pini, Kaskazini mwa Uingereza, karne ya 17, pengine nusu ya pili. Mfuniko ni wa asili, bawaba zimebadilishwa, ubao mmoja wa sakafu na ncha za miguu ya nyuma ni za baadaye. Nakshi ya mbele na maandishi viliongezwa mwishoni mwa karne ya 19 ndani ya ukoo huohuo, zana zilizotumika zimehifadhiwa pamoja na kasha. Niliandika pia thamani ya soko, na ni mia chache za pauni, kwa kuwa wanunuzi wa leo hawapendi nakshi iliyoongezwa na soko la mwaloni limeshuka kwa miaka zaidi ya ishirini sasa. Karatasi ya zamani ya bima niliwashauri waifute.

Ndugu wa shemeji aliisoma akiwa amesimama. Kisha akauliza kama angeweza kuchukua patasi na kasha libaki kwa dada. Dada akamtazama mumewe, mumewe akanitazama mimi, kana kwamba mimi ni kadhi. Nikawaambia ripoti inasema zana zimehifadhiwa pamoja na kasha, na siwezi kuandika ripoti nyingine. Wakakubaliana azichukue, ila ile yenye kijipengo ibaki ndani ya kasha.

"Kaka, na hizo bawaba?" dada akauliza wakati wa kuondoka. "Ya kushoto inanibana vidole."

Nilizifungua wiki iliyofuata, nikazinyoosha, nikazirudisha na skrubu zake zilezile. Kasha sasa liko chini ya dirisha la chumba cha kulala, na limejaa kanga.